Mpaka Ukoka Ushike

Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu, hitima imekwisha kusomwa na masufuria ya pilau yameanza kufunuliwa uani, nilisikia watu wanacheka. Mimi nilikuwa chumbani kwenye mkeka, nimejitanda shuka nyeupe, eda yangu ndiyo kwanza imeanza. Sikuhitaji kuuliza ni nani anayewachekesha. Nikajikokota mpaka dirishani, nikachungulia. Somoe, mtoto wa mjomba wa marehemu, kikongwe mwenzangu, alikuwa amevaa koti la kijivu la Rashidi na kofia yake, mikono kaifunga mgongoni, anatembea katikati ya watu bega moja juu, kama Rashidi alivyokuwa akitembea. Akasimama, akainama, akachomoa gugu la ndago karibu na miguu ya mwalimu wa madrasa, akaliinua na kuuliza kwa sauti ya marehemu, "Huyu naye kaalikwa na nani?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Binamu ni mtani, ana haki yake. Huku kwetu mtani asipomwigiza marehemu, watu huondoka wakisema msiba ulipooza. Mawifi zangu walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko kwa ncha za kanga. Mimi, mjane wa siku tatu, nilichokihisi kifuani hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu, ule ule wa mwaka tuliopanda ukoka Shangani, mzima, hauna hata mvi moja. Nilitaka niwe mimi peke yangu ninayemjua Rashidi kiasi hicho.

Habari za nani alimzaa nani nitaziacha, wanaozitaka wakaulize Mikindani. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, mwaka wa pili wa ndoa yangu. Rashidi alikuwa karani wa idara moja ya serikali hapa Mtwara, na tulikuwa tumepewa nyumba mpya mtaa wa Shangani, katika mstari wa nyumba mpya, zote za rangi moja, zote zimeelekea upande mmoja kama watu wanaopanga foleni. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule yenye sakafu ya saruji nyekundu niliyoing'arisha kwa kumbi la nazi, na jiko la nje lenye dirisha dogo la wavu. Jiko hilo mlikumbuke, maana ndimo nilimoishi mwaka ule. Wajenzi walikuwa wamepitisha greda wakachuna kila kitu, hata udongo wenyewe, wakatuachia mchanga mweupe na mawe ya matumbawe. Upepo wa kusi ulipovuma tulilala na mchanga kitandani na tukautafuna kwenye wali. Hata hivyo mimi ule uwanja mtupu niliupenda. Kwetu uwanja ni uso wa mwanamke. Kila alfajiri niliufagia kwa ufagio wa chelewa mpaka ukabaki na mistari ya mawimbi, na mtu akipita nilijua kapita nani kwa nyayo zake. Nyumba yenye majani mlangoni ni mahame, au ni ya mwanamke mvivu, na katika majani ndimo anamolala nyoka. Ndivyo nilivyofundishwa na sijawahi kusikia sababu ya kubadili.

Rashidi akaenda kunywa chai nyumbani kwa mkubwa wake wa kazi, akarudi mtu mwingine. Alivua viatu akakaa kitandani akiangalia nyayo zake. "Hawa," akaniita kwa jina langu, "kule wametuwekea viti juu ya ukoka. Mtu unakanyaga, vumbi halipandi. Ukivua viatu ni baridi mpaka kwenye goti." Nikamwambia akitaka baridi aende akakanyage saruji ya bafuni. Hakucheka. Jumapili ile ile alikwenda kijijini Ziwani kumwamkia mama yake, na sikujua kwamba alikuwa amekwenda na habari ya ukoka.

Jibu lilikuja kabla ya mvua, juu ya lori la magunia ya korosho lililotoka Nanyamba. "Hodi, mume wangu," sauti ya kike ikaita mlangoni. Nikafungua. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kichwani ana furushi, mkononi kikapu cha ming'oko, viazi vya porini, na jembe lisilo mpini. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe ndiye mke mwenzangu? Mbona mwembamba hivi, mume wetu hakulishi?" Nyuma yangu Rashidi alikuwa amekwisha kufika, anacheka meno yote nje, sijamwona akicheka vile tangu siku ya harusi. Akanieleza kwamba huyo ni Somoe, wa mjomba wake, ameachika juzi juzi, amewahi kufanya kazi katika bustani ya meneja wa shamba la mkonge, na mama mkwe wangu ndiye aliyemtuma aje atusaidie ukoka. Sisi pia Mikindani tuna mabinamu na tuna watani. Ila mtani wa kwetu anatania, anakula, anaaga. Nikamuuliza kwa adabu, "Wifi, utakaa nasi siku ngapi?" Akaweka kikapu chini. "Mpaka ukoka ushike," akasema, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha Rashidi, kile ambacho hata mimi nilikuwa sikikalii.

Asiyejua utani atasema mbona sikumfukuza. Utani una sheria yake, na sheria ya kwanza ni kwamba anayekasirika amekosa, tena anatozwa kuku. Somoe alivaa mashati ya Rashidi kufanyia kazi. Alikula katika sahani yake. Alimwita mume wangu mbele yangu, mbele ya majirani, mbele ya mzee balozi wa nyumba kumi aliyekuja kuandikisha wageni. "Mimi ndiye mwenyewe," alimwambia balozi, "huyu Hawa ameazima tu." Balozi alicheka mpaka akakohoa. "Binamu nyama ya hamu," akasema, akaondoka zake. Nami nilicheka, maana kila mtu alikuwa ananiangalia nitafanya nini. Mashavu yaliniuma kwa kucheka mwaka ule. Kule nyumbani kwa kina Rashidi kuoa mtoto wa mjomba si ajabu wala si dhambi, wazee wengine hata huona ndiyo ndoa yenyewe, hizi nyingine ni za kuokota njiani. Nililijua hilo, na kila mtu pale bombani alijua kwamba ninalijua. Jirani yangu Mama Chiku alilisema waziwazi tukiwa tunasubiri ndoo zijae. "Mwenzetu, ukoka haupandwi na mwanamke aliyeachika akalala nyumba hiyo hiyo bila sababu. Fungua macho." Nikamjibu macho yangu yako wazi, ni yeye afumbe mdomo. Lakini nilirudi nyumbani maji yananimwagikia miguuni wala sikuona.

Asubuhi ya kwanza tu aliamka kabla yangu akachemsha ile ming'oko, akaipakua na chumvi na chai ya rangi. Mimi nilikuwa nimeumua unga wa maandazi tangu usiku. Rashidi alikaa chini, chini kabisa, kwenye mkeka, akaimenya kwa vidole na kufumba macho. Akasema hajala ming'oko iliyoiva vile tangu alipokuwa anachunga mbuzi. Maandazi yangu aliyala jioni, yamekauka, kwa huruma. Nilijaribu mwenyewe siku nyingine kuichemsha, ikatoka ngumu katikati kama kamba, na Somoe akaniambia, "Wifi, hii si chakula cha watu wa mjini, usijichoshe." Alisema kwa wema. Wema wake ndio ulionichoma zaidi.

Kazi ikaanza. Jioni Rashidi akirudi kazini anatupa baiskeli ukutani, anavaa bukta, na wawili hao wanaingia uwanjani. Kwanza waliokota mawe na vipande vya saruji. Kisha wakachimbua, wakachanganya mchanga na udongo mwekundu na samadi ya mbuzi, nyumba ikanuka zizi. Halafu ukaja ubao. Ardhi ya kupanda ukoka lazima isawazishwe, na walisawazisha kwa ubao mrefu wa watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, wanauvuta kinyumenyume pamoja, mmoja akiharakisha unapinda. Nilikuwa nawaangalia kupitia wavu wa jiko, mchuzi unaungua. Hakuna walichokosea. Hawakugusana hata kidole. Lakini mimi na Rashidi hatukuwahi kushika kitu kimoja tukatembea nacho hatua kwa hatua namna ile. Na kulikuwa na jambo jingine nililolitambua nikiwa pale pale jikoni. Walipokuwa wanacheka walisema Kiswahili. Walipoacha kucheka waliingia Kimakua, na Kimakua changu kiliishia kwenye salamu.

Mvua za kwanza ziliponyesha wakaleta ukoka kwenye magunia yaliyoloweshwa, umeng'olewa kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Somoe akaukata vipande vyenye vifundo, akauzika mistari kwa mistari, kila kipande kichwa nje mkia ndani, Rashidi nyuma yake akikandamiza kwa ngumi. Ukoka uliopandwa leo hauonekani kuwa ni kitu. Ni uwanja mtupu wenye vijiti vijiti vya manjano, kana kwamba mtu amepita na mzigo wa makuti ukapukutika. Lakini vifundo vikachipua, kijani kidogo kama ncha ya sindano, na Somoe akasema, "Huu ukipata mwezi mmoja wa mvua umeshika." Mwezi mmoja. Nikaanza kupumua.

Ndipo mama yangu akaja kututembelea kutoka Mikindani. Mama alikuwa mwanamke wa uwanja msafi kuliko wote niliowahi kuwajua, na tena hakupenda kulishwa bure, hata kwa mwanawe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wengine huusema msemo huu kwa kutania, mama aliuchukua kama amri. Siku ya tatu Rashidi alikuwa kazini, Somoe alikwenda kutafuta samadi, mimi nilikwenda sokoni kumtafutia mama pweza. Niliporudi nilimkuta amekaa barazani, miguu ameinyoosha, jasho linamtoka, uso umeng'aa kwa furaha. Uwanja ulikuwa mweupe. Ulikuwa umeparuliwa kwa jembe kutoka ukutani mpaka njiani, ukafagiwa, mistari ya mawimbi imenyooka kama ya msikitini siku ya Idi. Kwenye kona kulikuwa na rundo dogo linafuka moshi. "Mwanangu," akasema, "nimekuta majani yameanza kukuotea mpaka mlangoni, nikasema huyu kazidiwa na kazi. Sasa angalau watu wataona hapa pana mwanamke."

Ningeweza kusema nilisikitika. Sikusikitika. Nilisimama na pweza wangu mkononi na nilitamani kucheza. Nilimbusu mama mkono. Furaha yenyewe ilidumu mpaka Rashidi alipofika. Alishuka kwenye baiskeli, akaishika usukani, akautazama uwanja kwa muda mrefu. Mkwe hagombezwi, hata kutazamwa usoni hatazamwi, kwa hiyo alikuwa ameinamisha kichwa, na maneno yake ilibidi yapitie kwangu. "Mwambie mama," akasema polepole, "ahsante kwa kazi." Kisha akaniangalia mimi, na nikaona anaamini kwamba nimemtuma. Nikamwapia. Akasema, "Sijasema kitu, Hawa." Somoe ndiye aliyerudi wa mwisho, gunia la samadi kichwani. Alilitua, akaona, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Akamwendea mama, akampigia goti. "Shikamoo mama. Umenipa miezi mingine ya kulala kwa mume wangu, Mungu akuzidishie." Mama akaitikia marahaba, hakuelewa kitu. Mimi nilielewa. Kama si jembe la mama yangu mwenyewe, Somoe angekuwa anafunga furushi lake mwisho wa mwezi.

Kuanzia hapo nikawa mpanda ukoka. Majirani walisema nimeshindwa, nimekubali. Mama aliondoka akinisikitikia. Hakuna aliyejua hesabu yangu, kwamba yule mwanamke anakaa mpaka ukoka ushike, basi ukoka utashika, nitaushikisha mimi, hata kama ni kwa meno. Niliuvaa ule ubao. Nikamwambia Rashidi apumzike, ametoka kazini amechoka, mimi na wifi tunatosha, na mimi na Somoe tukauvuta kinyumenyume, yeye huku, mimi kule, ukanyooka vizuri kuliko wa kwanza. Nilibeba magunia. Niling'oa ndago mpaka kwenye kiazi chake cha chini kabisa, maana ukikata jani tu kesho amekuja na ndugu zake. Mvua zilipositasita, maji yote ya nyumba yalikwenda uwanjani, ya kuoshea mchele, ya kusuuzia nguo, kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Kuku wa Mama Chiku waliokuja kuparua niliwarudisha kwa mawe, na mwenyewe alipolalamika nikamjibu alivyostahili. Mikono ilikufa ganzi, kucha zikaingia udongo usiotoka. Siku moja Somoe alisimama akanitazama. "Wifi, unapanda kwa hasira." "Napanda kwa haraka," nikamwambia. Akarudi kwenye mstari wake.

Nikisema kwamba tulipatana nitakuwa nimeongopa. Lakini mtu ukipanda naye mistari siku nzima, unamjua pumzi zake. Nilijua anapiga chafya tatu tatu. Nilijua aliachwa kwa kutozaa, na kwamba habari hiyo ndiyo pekee ambayo hakuitania. Hata huruma niliyomwonea niliionea wivu, kwa kuwa Rashidi alikuwa amemwonea huruma hiyo kabla yangu, tena kwa Kimakua.

Ukoka ukatambaa. Vifundo vikashuka chini vikatia mizizi, mikono ya mstari huu ikakutana na ya mstari ule, mchanga ukabaki vipande vipande, kisha ukazibika. Watu wakaanza kusimama njiani. Mkubwa wa Rashidi alipita na gari, akapunguza mwendo. Asubuhi moja, kabla jua halijakausha umande, nilishika kikonyo nikavuta. Hakikuja. Nikavuta kingine, nikasikia kinakatika, mzizi umebaki. Nikaenda chumbani kwa Somoe. "Wifi, njoo uvute." Akatoka na kanga yake ya kulalia, akachuchumaa, akavuta. Akavuta tena mahali pengine. "Umeshika," akasema. Nilikwisha kumfungia zawadi zake tangu juzi, doti ya kanga mpya na pweza mkavu. Nadhani aliliona furushi mlangoni. Alicheka, lakini kidogo.

Nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka kwenye malori. Rashidi alikuwa ameagana naye asubuhi, wametaniana, ametozwa nauli. Magunia matupu yalikuwa yanapangwa, utingo anapiga kelele, na Somoe alikuwa ameshika ubavu wa lori bila kupanda. "Leo sitanii," akaniambia. "Mwezi ule wa kwanza, kabla mama yako hajaja, Rashidi aliniambia nisiondoke. Aliniambia atanioa, na wewe atakueleza taratibu. Nikamkatalia." Nilimuuliza kwa nini ananiambia. "Kwa sababu ulikuwa unataka kujua na hukuwa na wa kumuuliza." Nikamuuliza kwa nini alikataa. Nilitegemea aseme ni kwa ajili yangu, au kwa hofu ya Mungu, nipate cha kumshukuru. Akainua mabega. "Simtaki. Nimelala naye mkeka mmoja tangu anakojoa kitandani. Wewe ndiye unayemwona mwanamume." Akapanda. Utingo akapiga bodi, lori likaondoka.

Nimeishi na Rashidi miaka mingi baada ya hapo, nimemzalia, nimemuuguza, na sasa nakaa eda yake. Watu hudhani wivu mchungu ni wa mwanamke aliyechukuliwa mume. Huyo ana bahati, ana mtu wa kumchukia. Mimi mume wangu alijipeleka kwa mwingine kama sahani ya chakula kwa jirani, na jirani akairudisha, asante, nimeshiba. Utamchukiaje mtu kama huyo? Nimejaribu. Kila alipokuja kututembelea, kila Idi, kila ndoa ya mtoto, alimwita mume wangu na mimi nikacheka kama sheria inavyotaka, na moyoni nikasema, wewe hukumtaka, na bado alikuwa wako kwanza.

Jioni ya siku ile Somoe alipoondoka nilirudi Shangani kwa miguu. Rashidi alikuwa uwanjani peke yake, amekaa katikati ya ukoka, viatu kavivua kaviweka kando, anapitisha kiganja juu ya majani. Jua lilikuwa upande wa nyuma ya nyumba. Nilisimama njiani, mkoba wangu begani. Nikamuuliza, "Ulimwomba Somoe akae?" Njia ya kutokea alikuwa nayo, na mimi niliijua kama yeye. Angesema ni utani, na mimi ningelazimika kucheka, na tungeingia ndani kula. "Nilimwomba," akasema.

"Akakataa."

"Akakataa."

Nilingoja aongeze neno, hata la uongo. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeita hodi na hajui kama atafunguliwa, na mimi nilimtamani na kumchukia kwa wakati mmoja.

"Inuka hapo," nikamwambia. "Umekalia ukoka wangu."

Akainuka. Akaokota viatu vyake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya saruji. Nikaweka mkoba chini, nikakaa pale alipokuwa amekaa, majani yamelala na bado yana joto lake.